Wimbo Uliotangulia Kufika Lindi

Wenzangu wa Kivinje, tangu nirudi sijapata hata nafasi ya kufua kaniki yangu. Kila anayepita barazani anasema, "Bi. Mwanahawa, hebu tupe habari za Lindi." Nikimsimulia mmoja anakuja wa pili, na huyo wa pili keshasikia kwa wa kwanza mambo ambayo mimi mwenyewe sikuyafanya. Bi. Tatu naye anasimulia ya kwake huko uani, na katika masimulizi yake mimi ndiye niliyekuwa nalia njia nzima. Basi nimeketi nimeandika. Asiyejua kusoma asomewe, na atakayetia chumvi atie kwenye chungu chake.

Kivinje, kabla ya kutoka

Kisa cha safari mnakijua. Kaka yangu Athumani, yule aliyehamia Lindi, alikuwa anamwoza bintiye Zuhura, na Zuhura akaniletea neno mimi shangazi yake, nije na wimbo wa kumwingiza.

Desturi hiyo nanyi mmeolewa nayo, ila naiandika kwa ajili ya wajukuu. Siku ya kumpeleka bibi harusi kwa mumewe, watu wa upande wake huja na wimbo mpya ambao mji ule haujapata kuusikia. Wakiwa nao, hupishwa njia na mlango hufunguliwa. Wasipokuwa nao, wanawake wa upande wa mume ndio huimba, nao huimba wapendavyo, na jina watakalomwimbia mlangoni hukaa naye mpaka siku ya kufa.

Hapa Bi. Tatu, mke mwenzangu, aniwie radhi. Yeye alipoletwa kwa mume wetu, watu wa kwao walikuja na wimbo mkuukuu ambao hata watoto wa Kivinje walikwisha kuuchoka. Wanawake wetu wakaimba kwamba bibi harusi kachelewa kuja kwa sababu alikuwa anakwangua chungu. Tangu siku ile ni Bi. Ukoko. Ana wajukuu sasa, ana chuo cha kufundishia watoto Kurani, watu wanamletea wagonjwa awasomee, na akipita sokoni bado ni Bi. Ukoko. Yeye husema amezoea. Mimi ninaishi naye nyumba moja, najua kama amezoea au hajazoea.

"Shangazi, usiniache nikaingia kwa nyimbo zao." Hayo ndiyo maneno ya Zuhura, na mjumbe aliyaleta vilevile alivyoambiwa.

Na mimi, malenga wenu mnayenisifu, wimbo sina. Tangu vita vile vya maji nilikuwa sijatunga kitu. Mnakumbuka tulivyokuwa. Kwanza mazishi, kisha njaa, kisha ule ukimya ambao hata mtu akicheka anaangalia nyuma kwanza. Nilipopata neno la Zuhura nilijifungia chumbani. Nikafukiza udi, nikatafuna tambuu mpaka meno yakawa mekundu, nikageuka upande huu na upande huu. Mwanasiti jirani akanishauri nikae kimya kabisa, nikakaa kimya, nikasinzia. Siku ya kuondoka ikafika na kichwa changu ni kitupu.

Mume wetu alitaka twende kwa chombo. Mimi na bahari hatupatani, ninatapika kabla nanga haijang'olewa. Tukakubaliana nitakwenda kwa miguu na Bi. Tatu, tufuatane na wapagazi waliokuwa wanapeleka nta Lindi. Nilibeba nguo zangu na chupa ya marashi ya waridi, zawadi ya bibi harusi, nimeizungushia kitambaa. Bi. Tatu alibeba chakula, maana alisema chakula nikikibeba mimi hakifiki.

Mto Mavuji

Mavuji ulikuwa umejaa. Wapagazi walitua mizigo, wakakaa, na mnyapara wao, mtu wa Kimwera jina lake Bakari, akasema maji yakipungua tutavuka na yasipopungua tutakula.

Nikaona hapa ndipo. Nikajitenga na watu, nikakaa ukingoni, nikaukodolea macho ule mto. Mto mkubwa hivi hauwezi kukosa wimbo. Nilikaa mpaka mbu wakanijua kwa jina. Bi. Tatu akaja na muhogo wa kuchoma.

"Unatafuta nini humo?"

"Wimbo."

"Basi ukiuona uuulize na kivuko kiko wapi."

Nikamwambia kazi ya malenga haielewi. Akasema kweli haielewi, ila ya kula muhogo anaielewa, akaula wote mbele yangu. Nilikasirika, nikanuna, na njaa ikaniuma juu ya kununa. Jioni wapagazi wakavua kambare, wakawachemsha kwa chumvi na pilipili, na mimi nikaenda kuomba kwa adabu zote.

Maji yalipopungua tulivushwa mabegani. Mimi nilifumba macho. Bi. Tatu alikuwa anamwelekeza mpagazi wake pa kukanyaga, kushoto, kulia, hapo pana shimo, mpaka kijana wa watu akamwuliza kama angependa kushuka ambebe yeye. Wapagazi wakacheka mpaka kamba za mizigo zikalegea. Nilicheka na mimi, lakini moyoni nilikuwa nahesabu: mto umekwisha, wimbo sijapata.

Kiranjeranje

Kiranjeranje tuliingia asubuhi, na kitu cha kwanza nilichokisikia ni mchi.

Mnaoishi mjini mtasema mchi ni mchi. Lakini wale watu nyumba zao zilichomwa zote. Nyumba tulizozikuta ni mpya, nyasi za paa bado zina rangi ya kijani. Miaka ile ya njaa walikuwa wanachimba ming'oko, mizizi ile ya porini, na ming'oko haitwangwi. Mwaka huu ndio wa kwanza wamevuna mtama ukajaa ghalani. Kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa kinatwanga, nao vinu wanavyo vichache tu, wakaviweka katikati pale penye uwazi, wanapokezana. Unatwanga, unamwachia mwenzio, unakaa unapepeta, unasubiri zamu.

Tulikaribishwa kwa mama mmoja mtu mzima, Bi. Nambunga, mchekeshaji, ana pengo moja la mbele. Alitupa uji wa mtama na kisamvu cha nazi, akaomba radhi kwamba kitoweo ni hicho tu. Nilikula kisamvu kile mpaka Bi. Tatu akanifinya.

Nikiwa ninalamba vidole, akaja msichana mmoja kumwomba Bi. Nambunga mchi uliokuwa umesimamishwa ukutani, mpya, umechongwa vizuri, haujaingia hata kwenye kinu.

"Huo hapana," Bi. Nambunga akasema. "Huo una mwenyewe. Mkwe wangu anakuja mwezi ujao. Sitaki afike hapa aanze kwa kuazima."

Alisema hivyo tu, akarudi kwenye sufuria yake. Msichana akaenda zake. Mimi nilikaa pale na vidole mdomoni. Nikasikia kitu kinapanda toka tumboni, nikasimama, nikasema, "Bi. Tatu, shika nguo zangu," na yeye anajua maana yake, kwamba wimbo unakuja.

*Fungueni fungueni, mgeni wenu kafika,*
*mchi wake kaja nao, kuazima amechoka.*

Nikauimba kwanza kwa chini, nikaupima kwa ile michi iliyokuwa inadunda uwanjani, ukakaa sawasawa. Jamani, niliona furaha ambayo sijui niiandikeje. Miaka yote ile nilidhani kile kitu ndani yangu kimekufa pamoja na waliokufa. Kumbe kipo, kinasubiri mtu aombe mchi anyimwe.

Sasa hapa ndipo nilipofanya kosa, na mnaotunga nyimbo mtashika vichwa. Malenga haimbi wimbo mpya njiani. Wimbo wa harusi unafungwa tumboni mpaka mlangoni, hata mume hausikii. Najua hayo tangu sijavaa kanga. Lakini wale wanawake walikuwa wamenisikia, wakasimamisha michi. Bi. Nambunga akaja ameshika upawa, akasema, "Mama, hapa kwetu hapajaimbwa tangu vita. Tuimbie na sisi tutwangie."

Ningekataaje? Niambieni nyinyi, ningekataaje?

Niliwaimbia. Wakaupokea palepale, wakaugawa, vinu upande huu vinaita, vinu upande ule vinaitika. Wapagazi wakaacha kulala wakaja kupiga makofi. Bakari yule mnyapara akageuza ndoo akaifanya ngoma. Tulikaa kutwa nzima, na jua lilipokuwa linashuka mtama wote wa Kiranjeranje ulikuwa umekwisha kuwa unga, na wanawake wengine wanalia huku wanacheka. Bi. Tatu mwenyewe alicheza, na yule hachezi.

Kesho yake miguu yangu ilikataa. Wapagazi hawakuweza kutungoja, nta ina mwenyewe, wakajitwika wakaondoka. Niliwasikia wanatokomea njiani, wanaimba. Nikafurahi. Nilidhani nimepata sifa.

Kiswere, kwa akida

Kiswere tulifika tumechoka, tukaketi kwa mwanamke mmoja muuza samaki tukala pono wa kukaanga kwa ndimu. Nilikuwa nimeanza kusema kwamba hakuna mji kama Kiswere, askari wawili wakatusimamia.

"Nani kati yenu anafundisha watu maneno?"

Bi. Tatu akaninyooshea kidole bila hata kumeza samaki.

Tukapelekwa kwa akida, mkubwa wa serikali pale. Alikuwa mzee mnene, mtu wa pwani, kofia yake safi, na macho ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu vita. Tukampa shikamoo, akaitika marahaba, halafu akauliza mambo yake. Habari alizopewa ni kwamba kuna mwanamke anatoka kaskazini, anapita kijiji kwa kijiji, anakusanya watu, anawafundisha maneno ya kusema pamoja, na amebeba chupa ya maji.

Nikaelewa. Watu walinyongwa kwa chupa ya maji, nanyi mnajua ni nani na nani.

"Bwana akida," nikasema, "ni marashi."

"Wote walisema ni dawa tu."

"Ni marashi ya waridi, ya bibi harusi. Nusa."

Askari wakarudi nyuma. Hakuna aliyetaka kunusa. Mmoja akasema imwagwe, mwingine akasema ikimwagwa hapa itakuwa imemwagwa hapa, bora ikamwagwe kwa watu wengine. Wakaanza kubishana. Bi. Tatu alichoka nao. Akaninyang'anya chupa, akaitoa kizibo, akamnyunyizia akida kichwani, begani na kwenye ndevu, kama tunavyowanyunyizia wageni wa maulidi.

Nilifumba macho nikaanza kusoma shahada.

Nilipoyafumbua, akida alikuwa anajinusa mkono. Akanusa tena. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama yangu alikuwa nayo marashi haya." Kisha akakumbuka yeye ni akida, akakohoa, akasema marashi yamejulikana ila maneno bado. Wimbo ule lazima achunguze kama hauna mambo ndani yake.

Basi akauchunguza. Nikaimba. Akasema rudia. Nikarudia. Akauliza mchi ni nini. Nikamwambia mchi ni mchi. Akauliza fungueni nini, ngome? Nikamwambia mlango wa mama mkwe. Akafikiri, akasema mlango wa mama mkwe ni mgumu kuliko ngome, tuimbe tena. Jioni akawaita wake zake wachunguze na wao, na kesho yake akaamka anauimba huku anatawadha, akanyamaza aliponiona. Alituweka pale siku kadhaa, tunakula wali na pweza wa nazi, na kila nikiomba ruhusa anasema uchunguzi haujakamilika. Mwisho akamwita tarishi wake akampa taarifa ya kupeleka Lindi, kwamba mwanamke ameonekana hana neno. Tarishi yule alikuwa amekaa mlangoni siku zote zile. Aliondoka mbio kama wanavyokwenda matarishi, na mdomoni ana wimbo wangu.

Mimi bado nafurahi tu. Nikamwambia Bi. Tatu, "Umeona? Mpaka serikali imeupenda."

Kitomanga

Baada ya kuvuka Mbwemkuru, ambao siku hiyo ulikuwa wa magotini tu, tulipita katika mashamba ya Kitomanga. Mtama huko ulikuwa bado shambani, na juu ya dungu kulikuwa na mwanamke anafukuza ndege. Alikuwa anaimba ili asisinzie.

*Fungueni fungueni, mgeni wenu kafika...*

Nilisimama katikati ya njia nimejaa kiburi mpaka masikioni. Nikampigia hodi.

"Shikamoo mama," akaniamkia toka juu.

"Marahaba mwanangu. Wimbo mzuri huo. Umeutoa wapi?"

"Huu wa Lindi huu, mama. Mume wangu alikwenda kuuza kuku akaja nao. Lindi nzima wanauimba."

Nikacheka. Nikamgeukia Bi. Tatu ili acheke na yeye, na nikakuta hacheki. Ametua kapu chini.

"Mwenzangu," akasema, "Lindi nzima?"

Hapo ndipo akili yangu iliponirudia. Wimbo mpya, ambao mji haujapata kuusikia. Niliona uso wa Zuhura. Nilikaa chini pale pale njiani, kwenye vumbi, mtu mzima mimi, nikajipiga mapaja kwa mikono, nikalia. Haya ndiyo aliyoyaona Bi. Tatu anaposema nililia njia nzima. Nililia Kitomanga tu, na sababu ninayo.

Yeye hakunilaumu. Alikaa kando yangu vumbini. Kisha akasema jambo ambalo hajapata kulisema katika miaka yetu yote. "Unajua, siku ile sikuolewa na mume wetu. Niliolewa na lile jina. Simama tutembee."

Tukatembea. Yule mwanamke wa dunguni hakujua kimetokea nini, akatutupia masuke mawili ya mtama tule njiani.

Lindi

Tuliingia Lindi siku moja kabla ya kumpeleka bibi harusi. Kisimani wasichana wanauimba. Mlango wa soko muuza vitumbua anauimba. Kwa kaka Athumani nilikuta nyumba imejaa watu na Zuhura yuko chumbani, amepakwa hina, macho yamevimba.

"Shangazi," akasema, "wapagazi walisema wimbo huu ni wako, na wale wa upande wa mume wameshautoa kwenye ngoma. Bi. Somoe aliuchezesha usiku wa kupeleka sanduku la nguo za bibi harusi. Umekuwa wao."

Bi. Somoe ndiye mama mkwe, mwanamke mrefu, maarufu kwa ngoma, kiongozi wa wanawake wa mtaa ule. Kaka yangu aliniambia si mtu mbaya, ila kwenye kuimba hana huruma hata kwa dada yake. Na nilivyosikia walikuwa wamekwisha kuugeuza maneno.

Nilijaribu kutunga mwingine, Mungu shahidi yangu. Niliomba chumba, nikafunga dirisha, nikaomba udi. Mnajua yaliyonipata. Kitu hakuna. Nilipotoka Zuhura alinitazama usoni mara moja, akaelewa, akaanza kunipangia mimi nguo zangu za kesho ili nisione vibaya. Hilo liliniumiza kuliko angelia.

Mlangoni kwa Bi. Somoe

Basi kesho yake tukamfunika Zuhura gubigubi, shuka juu ya kanga, tukamshika mikono, tukaenda. Bibi harusi kwa desturi hasemi. Hatazami mbele wala hacheki, anaongozwa tu, na chini ya shuka haoni ila ardhi.

Wao wamekwisha kujipanga mlangoni, safu tatu, wamevaa kanga za kisutu sare. Tulipofika tu wakaanza.

*Fungueni fungueni, mgeni wetu kafika,*
*mikono kaja mitupu, mchi wetu anataka.*

Na nyuma kabisa wasichana wakaanza kuita, "Bi. Kuazima, Bi. Kuazima." Zuhura akainamisha kichwa chini ya shuka. Upande wa pili Bi. Tatu amemshika kwa mikono miwili.

Wimbo ni wangu na wao ndio wanaonipiga nao. Hasira zikanipanda, na nilipopandwa na hasira nikaacha kutafuta maneno kichwani, nikatazama tu kilichoko mbele yangu. Nikanusa. Nikapaza sauti juu ya zao, kwa mahadhi yaleyale.

*Fungueni fungueni, moshi wenu unafuka,*
*wapishi wamo ngomani, wali wenu unawaka.*

Safu ya nyuma ikageuka. Ulikuwa unaungua kweli. Wanawake wanne wakakusanya nguo zao wakakimbilia uani, na watu wa barabarani wakaangua kicheko. Bi. Somoe naye akakimbia nao, maana sufuria ni zake. Waliobaki wakarudia ubeti wao ule wa mwanzo. Hawakuwa na mwingine. Walichokuwa nacho ndicho kilicholetwa na wapagazi na tarishi, na kilikuwa kimekwisha. Mimi nikaongeza.

*Kuku wenu yu ungoni, mchele unamwagika,*
*na baba mkwe uani, paja la mbuzi kashika.*

Hapo hata wao wenyewe walicheka, kwa kuwa mzee alikuwa anaonekana juu ya ukuta, anatafuna. Lakini wasichana wa nyuma hawakukoma. Kicheko kikipungua unasikia tena, Bi. Kuazima, Bi. Kuazima. Mlango bado umefungwa. Na mimi pumzi zimeniishia. Nikatazama huku, nikatazama huku, sikuona kitu kingine cha kuimba.

Bi. Somoe akatoka uani mbio, hataki ngoma imshinde nyumbani kwake. Alikuwa anapenya katikati ya wanawake wake kuja kusimama mbele yetu, anahema.

Na chini ya shuka sauti ikaanza. Mwanzo nilidhani ni mtoto wa mtu. Ilikuwa ndogo, ina mafua ya kulia, lakini imeshika mahadhi.

*Naona miguu yenu, nyuso kwangu zafichika,*
*mmoja u peku peku, mbio mbio umefika,*
*huo ndio wa mamangu, mingine itajulika.*

Bibi harusi amesema. Watu wote waliinama kutazama chini, na mimi nikainama. Bi. Somoe alikuwa na kubadhi yake ya ngozi mguu mmoja tu. Ya pili ilibaki huko uani, kwenye wali.

Alijitazama miguu. Kulikuwa na vumbi na masizi kwenye ule mtupu, na ufa kisiginoni, mguu wa mtu aliyeamka alfajiri kupika harusi ya mwanawe na hakuna aliyemwuliza kama amekaa chini. Alipoinua uso macho yake yalikuwa na machozi na mdomo unacheka. Akawageukia wasichana wa nyuma akasema, bila kupaza sauti, "Nyamazeni. Atakayemwita jina lingine mwanangu huyu asikanyage kwangu."

Akaivua na ile kubadhi iliyobaki, akaisukuma kando. Zuhura naye akaviacha viatu vyake vya harusi palepale kwenye mchanga. Bi. Somoe akamtoa mkono katika mkono wangu, akasukuma mlango kwa bega, wakaingia ndani wote wawili peku. Mimi nilibaki nje nimeduwaa, nimesahau hata kupiga vigelegele, na aliyenipigia ni Bi. Tatu.